Vyumba vya bei poa ughaibuni: leo unalala mfalme, kesho unalala na kunguni

#1
Mzabibu Mkavu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Msimu wa watu kufuata mzigo wa biashara ughaibuni ukianza, wadau wananifuata pembeni na swali lile lile: "Mkuu, hoteli gani nzuri Guangzhou isiyoumiza?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, tujadili hapa hadharani.

Hapa Dodoma ukienda gesti yoyote, iwe Area C, Majengo au kule karibu na stendi ya Nanenane, utaratibu ni mmoja. Unamwambia mhudumu nataka self, yaani chumba chenye choo na bafu ndani, anachukua funguo, mnaongozana. Unafungua bomba. Unawasha feni. Unabonyeza godoro, unatazama chandarua kama kimetoboka, unachungulia choo. Hukipendi, unasema nioneshe kingine, naye anakuonesha bila kununa. Baada ya hapo ndipo mnarudi kaunta kujaza kitabu cha wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda. Pesa inatoka mwisho kabisa, na hakuna anayekuona una maringo.

Mtu huyo huyo akishapanda ndege anageuka bubu. Analipa kwenye simu akiwa bado Nkuhungu, anafika usiku wa manane, anakabidhiwa kadi ya mlango, anapanda juu, anakuta kimeo, analala hivyo hivyo. Asubuhi anapiga simu nyumbani kulalamika. Pale mapokezi yeye hakusema kitu!

Mfano hai. Xiaobei, Guangzhou, ule mtaa ambao Waafrika wengi hufikia. Hoteli moja, ghorofa moja, bei moja. Mimi nikapewa chumba kinachotazama barabara, kitanda kipana, birika la umeme, maji ya moto papo hapo. Mwenzangu tuliyetoka naye Dodoma, muuza viatu pale Sabasaba, kapewa chumba cha pili kutoka changu. Kina pazia zuri tu, la rangi ya maziwa. Ukilivuta unakutana na ukuta. Hakuna dirisha, kuna pazia la kukufariji. Kiyoyozi kinadondosha maji, chini wameweka kidoo cha taka kukinga, na usiku mzima ni tii, tii, tii. Bafu na kitanda vimetenganishwa na kioo kitupu, ambacho kule ni kawaida, ila cha kwake kilikuwa na ufa umezibwa kwa gundi ya karatasi.

Asubuhi kaja kunigongea, kasimama katikati ya chumba changu, anazungusha shingo. "Hivi tumelipa sawa?" Tumelipa sawa. Nikamwambia tushuke. Akaanza, "Aah, watatuonaje." Nikamshika mkono. Pale chini nikaandika kwenye programu ya kutafsiri kwamba chumba kinavuja na tunaomba kingine chenye dirisha. Binti wa mapokezi hata uso hakuinua, akasoma, akabonyeza kompyuta, akatoa kadi nyingine. Muda wote huo chumba kilikuwepo.

Hoja yangu ni hii. Hoteli ya bei poa haina ubora mmoja. Ndani ya bei ile ile kuna vyumba vizuri, vya kawaida na vimeo, na vile vimeo lazima apewe mtu. Anapewa aliyechelewa kufika, aliye peke yake, asiyeuliza. Nyota, picha na maoni ya mtandaoni ni vya hoteli nzima. Wewe hulali hoteli nzima, unalala namba 612.

Karibuni na ushuhuda. Wabishi pia karibuni.

#2
Chilonwa Boy

Naweka kiti hapa nisubiri wajuvi. Passport yenyewe ndiyo kwanza nimejaza fomu.

#3
Bi Kisasa

Kaka Mzabibu nakuunga mkono, ila umesahau kuwa chumba kinaweza kuwa kizima kabisa na bado usilale.

Njoo Deira, Dubai, upande wa Naif na Al Rigga. Hoteli nyingi za bei nafuu pale zina kumbi za muziki chini. Sio moja, unakuta jengo moja lina ukumbi wa Kihindi, wa Kifilipino na wa Kiafrika, na ngoma zinapigwa mpaka saa tisa usiku. Picha kwenye mtandao itakuonesha shuka jeupe na taulo limekunjwa umbo la bata. Besi haionekani kwenye picha. Kwa hiyo mimi siulizi kama chumba ni kizuri, nauliza kiko ghorofa ya ngapi na upande gani. Naomba juu, mbali na lifti.

Halafu maji. Hili nalieleza kwa kituo kwa sababu linawachanganya wageni. Mwezi wa saba na wa nane matenki ya juu ya paa yanachemshwa na jua, joto la nje linapita nyuzi 40. Unafungua bomba la baridi, yanatoka maji ya kunyonyolea kuku. Mara ya kwanza nilipiga simu mapokezi nikidhani fundi kaunganisha mabomba kinyume. Mama mmoja wa Kikenya tuliyekutana kwenye lifti ndiye aliyenielekeza: zima hita ya bafuni, iache izimwe tangu asubuhi. Lile tenki la hita liko ndani, kwenye ubaridi wa kiyoyozi, maji yake yanapoa. Jioni unafungua bomba la moto upate maji ya baridi. Na inafanya kazi vizuri sana.

Jingine dogo: usishtuke ukidaiwa hela ya ziada mapokezi. Kuna tozo ya utalii inayoitwa Tourism Dirham, ipo tangu 2014, ni dirham 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Nimeona Mtanzania mwenzetu anagombana na mapokezi saa nzima kwa jambo hili, foleni imejaa nyuma yake.

#4
Alizeti ya Singida

Mleta mada hii ni chai, tena ya rangi. "Omba utapewa." Nani kakwambia?

Istanbul, Laleli, pale kwenye maduka ya jumla. Nimeshushwa chumba cha chini ya ardhi. Chini ya ardhi kweli, siongezi chumvi: kuna kidirisha juu karibu na dari, na kupitia kidirisha hicho naona viatu vya wapita njia. Unyevu mpaka ukuta unatoka maganda. Nimekwenda mapokezi nimeomba kwa upole, nimeomba kwa ukali, nimeonesha picha. Jibu ni tabasamu na "tumejaa".

Kesho yake nimehamia hoteli ya mtaa wa pili, bei pungufu, wala sikuchunguza kitu. Chumba safi, maji safi, na chai ya asubuhi imejaa zeituni, jibini, mayai ya kuchemsha, matango na nyanya hadi ukashiba mpaka jioni. Sasa niambie, ule wa kwanza nilikosea wapi na huu wa pili nilipatia wapi? Ni bahati tu. Kama una nyota yako unalala vizuri.

#5
Mzabibu Mkavu

> Alizeti ya Singida alisema: Jibu ni tabasamu na "tumejaa".

Mkuu, ulifika saa ngapi pale?

#6
Alizeti ya Singida

Saa saba usiku. Ndege ilichelewa.

#7
Mzabibu Mkavu

Basi umejijibu mwenyewe.

#8
Alizeti ya Singida

Sijajijibu chochote. Ndege kuchelewa ndiyo bahati mbaya yenyewe ninayoisema. Au mimi ndiye rubani?

#9
Chilonwa Boy

😂😂 Moja bila.

#10
Muuguzaji

Nyie mnazungumzia biashara, nami nilete upande wa waliokwenda kuuguza. Nilimpeleka mama Chennai. Siku hizi mambo mengi yanafanyika hapa hapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa wameanza kupandikiza figo tangu 2018, ila la mama lilitakiwa kule.

Chumba cha muuguzaji si chumba cha kulala siku mbili ukaondoka. Unakaa wiki, unakaa mwezi, hujui. Maeneo ya Greams Road, jirani na hospitali kubwa, kuna loji vichochoro vizima zinazoishi kwa wagonjwa wa nje: Wabangladeshi, Waomani, Wakenya, sisi. Bei zinatofautiana kidogo sana, vyumba vinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Jambo la kwanza lililotukwamisha: loji mbili za mwanzo zilitukataa mlangoni. Sio ubaguzi kama nilivyodhani kwa hasira za safari. India hoteli ikipokea mgeni wa nje inatakiwa itume taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, wakati ule fomu yake ikiitwa Form C, na loji ndogo nyingi hazijajisajili kwa kazi hiyo. Hivyo wanaona bora wakose pesa yako. Ukilipia mtandaoni bila kuuliza "mnapokea wageni wa nje?", unaweza kufika na mgonjwa wako kwenye kiti cha magurudumu ukaambiwa pole.

Ya tatu walitupokea. Nikamwacha mama kwenye benchi la mapokezi, nikapanda na kijana kuangalia. Mwenzenu nilikagua kwa macho ya mgonjwa. Kizingiti cha bafu: kirefu, mama asingeweza kuinua mguu. Hapana. Chumba cha pili: kizingiti hakuna, ila sakafu ya bafu ni vigae vinavyoteleza na hakuna pa kushika. Hapana. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote na kibaya wa sura, ukuta kijani iliyopauka, lakini choo cha kukaa, dirisha linafunguka, kitanda kimefika usawa wa magoti hivyo mama anakaa na kusimama bila kusaidiwa, na kwenye kona kuna jiko dogo na sufuria mbili. Nikasema hiki hiki. Yule kijana alinishangaa, maana cha pili ndicho kilichokuwa na TV kubwa.

Lile jiko ndilo lililotuokoa. Mama baada ya matibabu alikataa kila chenye pilipili, na kule karibu kila kitu kina pilipili. Unga wa sembe tulibeba, uji asubuhi, ugali na maziwa ya mtindi mchana. Wauguzaji wa vyumba vingine walikuwa wanakuja kuazima sufuria.

Maji ya bomba pale yana chumvi, ya kisima. Wagogo hilo halitusumbui, tumekua nayo. Ila msidharau: mwaka 2019 Chennai mabwawa yake makuu yalikauka karibu kabisa, mitaa mingi ikawa inapelekewa maji kwa malori. Kwa hiyo ukiona ndoo kubwa na kopo bafuni usidhani ni ushamba, zijaze usiku.

#11
Bi Kisasa

Pole sana dada, mama anaendeleaje?

#12
Muuguzaji

Yupo dada, anasumbua wajukuu huko Mpwapwa. Tunashukuru.

#13
Chilonwa Boy

Jamani na kunguni? Kichwa cha uzi kina kunguni, sijamwona hata mmoja.

#14
Bwana Afya Kondoa

Nipo. Kazi yangu ni afya ya mazingira, hawa ni wateja wangu.

Ondoeni kwanza dhana kwamba kunguni ni wa hoteli chafu au nchi maskini. Kunguni anafuata watu, hafuati uchafu. Msimu wa vuli 2023 Paris nzima ilikuwa inapiga kelele za kunguni, kwenye treni, kwenye kumbi za sinema, mpaka serikali ikaitisha vikao. Anasafiri ndani ya begi. Hoteli yenye wageni wanaopishana kila siku iko hatarini, iwe ya bei poa au ya bei mbaya. Tofauti ni kwamba ya bei mbaya wanaita wapulizaji mapema.

Ukiingia chumbani usitupe begi kitandani. Liweke bafuni kwenye vigae, au juu ya meza. Washa tochi ya simu. Vuta shuka upande wa kichwani, tazama mshono wa godoro, ile kamba inayozunguka pembeni. Kunguni mkubwa ana milimita tano hivi, bapa, rangi ya kahawia, unamwona kwa macho. Lakini usimtafute yeye tu, tafuta alama zake: vidoti vyeusi vimejipanga kwenye mshono, vimesambaa kidogo kama wino kwenye karatasi laini. Hicho ni kinyesi chake, damu iliyosagwa. Tazama na maganda aliyojivua. Kisha nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye nyufa za kitanda cha mbao. Dakika tatu zinatosha.

Ukiona vidoti usikubali "tutapuliza sasa hivi". Omba chumba kingine, na kisiwe cha jirani wala cha juu yake au chini yake, kwa sababu wanapita kwenye nyufa na njia za nyaya.

Hajathibitishwa kueneza ugonjwa, kwa hiyo usiumwe presha. Ubaya wake ni kumleta nyumbani. Anaweza kukaa miezi bila kula. Ukirudi, nguo zote zioshwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60. Najua wengi mtasema jua la Dodoma linamaliza kila kitu. Halimalizi. Anakimbilia kwenye kunjo la begi ambako joto halijafika, jioni anatoka mzima.

#15
Alizeti ya Singida

Bwana Afya umeniwasha mwili mzima na niko nyumbani kwangu.

#16
Mwalimu wa Makulu

Niongezee Ulaya, maana huko bei poa yenyewe ni mzaha.

London, mitaa ya Paddington na Earl's Court, "hoteli" nyingi za bei ya chini ni nyumba za kuishi za zamani zilizounganishwa na kukatwakatwa. Lifti hakuna. Ngazi nyembamba, zulia limechoka, unapandisha begi la kilo 23 mpaka ghorofa ya nne. Chumba unafungua mlango unagonga kitanda. Zipo hoteli zinazouza chumba kisicho na dirisha kwa bei moja na chenye dirisha kwa bei nyingine, tena wameandika wazi kabisa. Huwezi kulalamika, ulisoma ukakubali. Hapo sasa ule ujanja wa mleta uzi wa kuomba kubadilishiwa haufanyi kazi, kwa sababu tofauti ya vyumba wameshaiuza.

Kingine ni viza. Ukiomba ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, unatakiwa uoneshe pa kulala, hivyo watu wanachukua chumba kinachoweza kufutwa bila gharama. Sawa. Ila soma tarehe ya mwisho ya kufuta, na saa yake ni ya huko, si ya Dodoma. Nimeona mwenzangu kazini anakatwa usiku wote wa kwanza kwa sababu alifuta "siku hiyo hiyo".

Na kodi za miji. Amsterdam tangu 2024 inatoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Paris ni kwa kichwa kwa usiku, inapanda na nyota. Hoteli inayoonekana nafuu kwa euro sita inaweza kuishia sawa na ya jirani.

Nyota zenyewe kila nchi inazigawa kwa vigezo vyake. Mbili za nchi moja si mbili za nchi nyingine, na pengine zinahesabu kama kuna lifti na mapokezi ya saa 24, hazisemi godoro lina umri gani.

#17
Mzee wa Kontena

Vijana, mnanikumbusha mbali.

#18
Chilonwa Boy

Shikamoo mzee. Tupe.

#19
Mzee wa Kontena

Marahaba. Nyie mna programu ya kutafsiri, sisi tulikuwa na vidole.

Kabla Guangzhou haijawa njia yetu kuu tulikuwa tunafikia Hong Kong, Chungking Mansions. Wafanyabiashara wa Tanzania wa zamani hakuna asiyelijua. Jengo la mwaka 1961, ghorofa 17, lina vitalu vitano kuanzia A mpaka E, na kila kitalu kina gesti juu ya gesti. Chini ni maduka ya simu, wabadilisha fedha, Wapakistani na sambusa zao. Kila kitalu kina lifti mbili ndogo, moja inasimama ghorofa za namba shufwa, nyingine za witiri. Foleni ya lifti asubuhi na mabegi inafika nje.

Chumba ni kitanda na nafasi ya kusimama mguu mmoja. Bafu: umekaa chooni bomba la mvua liko juu ya kichwa chako, unaoga ukiwa umekaa. Na bado ndani ya jengo hilo hilo nimelala vyumba ambavyo mama wa Kichina mwenye gesti anadeki mara mbili kwa siku, shuka linanukia sabuni, na anakuuliza kama umekula. Ukipanda ghorofa mbili juu, bei ile ile, mende wanapishana na wewe mlangoni. Basi sisi tulikuwa hatuulizani hoteli gani, tunaulizana kwa nani. "Uko kwa mama wa kitalu C?" Akifa au akiuza, jina kwenye mlango linabaki lile lile, chumba kinakuwa kingine kabisa. Hili la maoni ya mtandaoni ndilo naliona tatizo lake. Maoni ya miaka mitatu iliyopita yanamsifu mtu aliyekwishaondoka.

Kwa hiyo Mzabibu, yako ni kweli, ila ya mwenye nyumba inazidi ya chumba.

#20
Mzabibu Mkavu

Mzee nimekuelewa. Siku hizi mimi nasoma maoni ya miezi ya karibuni tu, na nasoma mabaya kwanza. Aliyeandika "pazuri sana" hajanisaidia. Aliyeandika "maji ya moto yanakatika saa mbili asubuhi" huyo ndiye ndugu yangu.

#21
Simba wa Manyoni

Haya yote ya nini? Fikia kwa Mtanzania. Kila mji kuna Mtanzania. Dubai unapata kitanda kwa bei ya chipsi.

#22
Bi Kisasa

> Simba wa Manyoni alisema: Dubai unapata kitanda kwa bei ya chipsi.

Mdogo wangu, hicho kitanda ni chumba kimoja kimekatwa kwa mbao, humo watu kumi na choo kimoja. 2025 mamlaka za Dubai ziliingia msako wa hivyo vyumba vya mbao, Al Rigga ikiwemo, kwa hofu ya moto. Ukikutwa humo na viza ya matembezi utamweleza nani? Na China ukifikia kwenye nyumba ya mtu, ndani ya saa 24 lazima wewe au mwenyeji wako mkuandikishe polisi. Hoteli inakufanyia hilo bila wewe kujua.

Halafu kumfikia ndugu nako kuna gharama yake. Utabeba dagaa, utabeba unga, utaamka kuosha vyombo, na mzigo wako ukijaa sebuleni macho yanaanza kubadilika.

#23
Simba wa Manyoni

Hapo kwenye macho umesema kweli dada.

#24
Dada wa Kaunta

Mimi ni msomaji tu wa nyuzi zenu, leo imenibidi nichangie. Nimekaa kaunta za gesti na hoteli hapa Dodoma muda mrefu, kwa hiyo nawaambia kutoka upande wa pili wa meza.

Kila nyumba ina chumba chake kibaya na sisi tunakijua kwa namba. Pale nilipo sasa ni namba saba. Kimepakana ukuta na pampu ya maji. Pampu inawaka saa kumi alfajiri, mgeni anadhani kuna helikopta. Siku za kawaida namba saba hatumpi mtu, au tunampa anayepumzika mchana akaondoka. Lakini Bunge la bajeti likianza, Aprili mpaka Juni, mji unajaa, hapo namba saba inauzwa bei sawa na namba mbili, tena kwa kugombaniwa. Naamini Guangzhou wakati wa maonyesho ya biashara ni hivyo hivyo.

Nampa nani? Mzabibu kapatia lakini si chote. Nampa mgeni wa usiku mmoja kabla ya mgeni wa siku nne, kwa sababu wa siku nne atanisumbua siku nne. Nampa aliyelipia mtandaoni kwa punguzo kubwa kabla ya aliyesimama mbele yangu, kwa sababu wa mtandaoni ameshalipa na hana pa kukimbilia. Huu ndio ukweli, msinichukie. Na nampa mwenye mdomo mchafu. Mtu anaingia anagonga kaunta na funguo za gari, huyo atalala na pampu.

Anayeniambia "dada, mimi usingizi wangu mwepesi, nisaidie chumba kilichotulia", huyo nitahangaika naye. Hajanihonga kitu. Amenipa sababu tu. Akisema "nataka chumba kizuri" simwelewi, maana vyote kwangu ni vizuri.

Picha nazo: mwenye nyumba alileta mpiga picha mwaka tuliofungua, akapiga namba mbili peke yake, akajibana kwenye kona ya dirisha na lenzi inayopanua. Hizo ndizo ziko mtandaoni mpaka leo. Lile pazia la kwenye picha lilishageuka matambara ya kudekia.

#25
Alizeti ya Singida

Dada wa Kaunta ungekuwa Laleli ningelala juu.

#26
Dada wa Kaunta

Saa saba usiku? Ungelala namba saba kaka yangu.

#27
Chilonwa Boy

😂😂😂 Alizeti pumzika mzee.

#28
Mama Vitenge

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nataka kwenda maonyesho ya Guangzhou mwezi wa kumi, mara yangu ya kwanza, niko na mwenzangu mwanamke. Nilipie kabisa au nikaangalie kwanza kama Mzabibu alivyosema? Na soketi zao zinaingia chaja zetu?

#29
Mzabibu Mkavu

Mama, maonyesho yanaanza tarehe 15 Oktoba kwa awamu tatu, kila moja siku tano. Jua kwanza bidhaa zako ziko awamu ipi, usikae awamu zote unalipa bei za maonyesho bure. Kipindi hicho usiende bila kulipia, utajikuta unapewa namba saba ya Kichina. Lipia usiku mmoja au miwili tu, iliyobaki mtapanga mkishaona. Chagua tangazo lililoandika wazi kwamba chumba kina dirisha. Maonyesho yenyewe yako Pazhou, ila Xiaobei ndiko chakula na watu wetu waliko, na treni ya chini ya ardhi inafika.

Watataka amana mapokezi, hivyo bakini na yuani taslimu mkononi na mtunze risiti yake, hamtarudishiwa bila hiyo. Chaja zetu za meno matatu haziingii kule, nunueni adapta hapa hapa mjini. Na ile kadi ya mlango ndiyo inayowasha umeme wa chumba, mkitoka nayo simu mliyoiacha inachaji inazimika.

Siku tatu kabla ya safari watumieni ujumbe kupitia pale pale mlipolipia, muutafsiri kwa Kichina: "Sisi ni wanawake wawili, tutafika saa fulani, tunaomba chumba chenye dirisha na vitanda viwili, kisiwe karibu na lifti." Mkifika mmoja akae na mabegi chini, mwingine apande kuangalia.

#30
Bwana Afya Kondoa

Na tochi, mama.

#31
Mama Vitenge

Ahsanteni sana. Huyo wa kupanda juu nitakuwa mimi, mwenzangu anaona haya.